Kinini ya pili ndiyo inalinda kizazi

Wakati mwezi umekatika, wamama wengine wanaandikiwa homoni. Mara nyingi karatasi ya dokta iko na dawa mbili. Ya kwanza inaondoa moto ya mwili, na mama anaona faida yake wazi. Ya pili haionekani kufanya kitu. Kumbe ile ya pili ndiyo inazuia ngozi ya ndani ya kizazi isinenepe mpaka kuzaa kansere. Tunaeleza hapa namna inafanya kazi, na sababu gani haifai kuikata hata wakati pesa ni kidogo.

Dawa mbili, kazi mbili

Ku farmasi za miji yetu ya migodi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, dawa inauzwa kwa plaketi, na mara nyingine kinini moja moja. Mutu anafika na karatasi ya dokta, anahesabu franga zake, kisha anauliza: « Katika hizi, ya lazima ni ipi? » Swali hilo linaeleweka, juu pesa ya nyumba haitoshi kila siku. Lakini kwa karatasi ya homoni za mama ambaye mwezi umemukatika, jibu lisilo sawa linaweza kuleta ugonjwa mukubwa.

Tuseme mama wa miaka 53, bwana yake ni mufanyakazi wa mugodi. Usiku moto unamupanda kutoka kifua mpaka kichwa, shuka zinalowana jasho, usingizi hakuna. Bwana anarudi kutoka zamu ya usiku, anamukuta ameketi juu ya kitanda, macho wazi. Dokta anamusikiliza, anamupima, anamwandikia dawa mbili: estrojeni, na dawa ingine ya jamaa ya projestojeni, ile wanganga wetu wanaita kwa Kifaransa projestatifu.

Nyuma ya majuma machache moto unapungua. Mama anajua vizuri ni estrojeni ndiyo inamusaidia, juu siku akiisahau, moto unarudi. Ile ya pili, akiisahau, hasikii kitu. Pengine anasikia hata nafuu: matiti hayamuumi, tumbo halijai, damu haitoki. Basi, mwezi ambao mushahara unachelewa, anakata ile ya pili na kubakia na ya kwanza.

Kwa akili ya kawaida amefanya sawa: ameshika dawa inayofanya kazi, ameacha ile haifanyi kitu. Kwa kizazi chake, amefanya kinyume.

Ndani ya kizazi kunapita nini

Kizazi cha mwanamuke kiko na ukuta munene wa nyama. Ndani ya ukuta huo kuna ngozi laini, yenye damu nyingi na matezi madogo madogo. Hiyo ngozi ni kitanda cha mimba. Tangu ujana, kitanda hicho kinatandikwa na kutandukwa kila mwezi, na homoni mbili za ovari ndizo zinaongoza kazi. Ovari ni nyumba mbili ndogo za mayai, moja upande huu wa kizazi, ingine upande ule.

Nusu ya kwanza ya mwezi ni ya estrojeni. Estrojeni inaamuru seli za ile ngozi, ni kusema vijipande vidogo vinavyojenga mwili, zigawanyike na kuongezeka. Ngozi iliyokuwa nyembamba inapanda na kunenepa.

Yai likitoka, ovari inaanza kutoa homoni ya pili, projesteroni. Hii inafanya mambo 4.

La kwanza, inasimamisha kugawanyika kwa seli. La pili, inapunguza milango ambamo estrojeni inapitishia amri zake mu seli, hivi estrojeni ikiendelea kupiga kelele, seli haziisikii tena vizuri. La tatu, inaamsha mu seli kitu kinachogeuza estrojeni kali, estradioli, kuwa estrojeni ya nguvu ndogo, estroni. La nne, inakomaza matezi ya ngozi: yanaacha kuongezeka, yanaanza kutoa maji ya kulisha mimba. Kama mimba haiko, projesteroni inashuka, na ile ngozi yote iliyokomaa inaanguka. Ndiyo damu ya mwezi.

Kwa hivyo estrojeni inajenga, projesteroni inasimamisha na kusafisha. Jina projestojeni linakusanya projesteroni yenyewe na dawa zote zilizotengenezwa ili zifanye kazi kama yake.

Kati ya miaka 45 na 55, kwa wanawake wengi, mayai yanaisha. Ovari zinaacha kutoa homoni hizi mbili. Mwanamuke akimaliza miezi 12 bila kuona damu, na hakuna sababu ingine, tunasema mwezi umekatika. Kwa Kifaransa ni menopozi. Si ugonjwa. Wamama wengi wanapita pale bila dawa yoyote. Kizazi kinapumzika, ngozi yake ya ndani inabakia nyembamba kama karatasi.

Sasa mama anaanza kumeza estrojeni, ama anaipaka kama pomadi, ama anaibandika ku ngozi. Kizazi hakijui kama hiyo estrojeni inatoka ku ovari ama ku farmasi. Kinasikia amri tu: jengeni. Kinaanza kujenga tena. Ovari zimelala, hazitoi projesteroni, basi hakuna wa kusema: inatosha. Miezi inapita, ngozi inanenepa, matezi yanasongamana. Wanganga wanaita hali hiyo hiperplasia. Mwanzoni ni unene tu. Ikiendelea, seli zingine zinaanza kubadilika sura, na pale kansere iko karibu.

Wachimbaji wanajua galeri inayochimbwa bila kuwekewa mbao. Siku za kwanza kazi inaenda mbio, mawe yanatoka, pesa inaingia. Anayesema « tusimame kwanza tuweke mbao » anaonekana anapotezea wenzake wakati. Lakini kila mutu pale chini anajua sababu gani mbao ziko. Projestojeni ni zile mbao.

Somo la Marekani

Haya si maneno ya kuogopesha watu bure. Yalionekana kwa macho, na wanawake wengi walilipa.

Mu mwaka 1942, Marekani walianza kuuza dawa ya estrojeni inayoitwa Premarin. Ilitoka mu mukojo wa farasi majike wenye mimba, na jina lake lilikatwa kutoka mu maneno hayo kwa Kiingereza. Mu 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu, Feminine Forever, akisema mwanamuke hana lazima ya kuzeeka kama anatumia estrojeni. Kitabu kiliuzwa sana. Mamilioni ya wanawake wakaanza dawa, wengi wao kwa miaka na miaka, na wengi walikunywa estrojeni peke yake. Walikuwa wanasikia vizuri. Moto ulikwisha, usingizi ulirudi. Nani angelalamika?

Mu Desemba 1975, jarida moja la wanganga wa Marekani likachapa uchunguzi wa aina mbili kwa mara moja. Mumoja ulifanywa Seattle, wa pili Los Angeles. Wanganga walichukua wanawake wenye kansere ya ngozi ya ndani ya kizazi, wakawalinganisha na wanawake wengine, wakauliza nani alikunywa estrojeni. Seattle walikuta hatari imepanda mara 4 na nusu kwa wale waliotumia. Los Angeles walikuta imepanda mara 7 na zaidi, na kwa wale waliotumia miaka 7 na kupita, karibu mara 14. Miaka ya kutumia ikiwa mingi, hatari nayo inakuwa kubwa.

Biashara ya estrojeni ikaanguka. Lakini wanganga walijiuliza: mu mwili wa musichana estrojeni iko kila mwezi, sababu gani haimuletei kansere? Jibu lilikuwa ndani ya mwili wenyewe: musichana iko na projesteroni. Basi wakaanza kuiongeza mu dawa.

Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kundi la Malcolm Whitehead kule London lilionyesha kitu ambacho mupaka leo kinaongoza karatasi za madokta: hesabu ya siku. Mwanamuke akipata projestojeni siku 7 za mwezi, hiperplasia inapungua, lakini haiishi. Akifika siku 12, inakuwa karibu haipo. Hivi, kupunguza siku ni kupunguza ulinzi. Kinini zile za mwisho za plaketi, ambazo mama anataka kuweka kwa mwezi unaokuja, ndizo zinamaliza kazi.

Kisha ukaja uchunguzi mukubwa wa Marekani unaoitwa PEPI. Kati ya wanawake wake, 596 walikuwa bado na kizazi. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa estrojeni peke yake, wengine estrojeni pamoja na projestojeni ya aina mbalimbali, wengine kinini isiyo na dawa ndani. Walifuatwa miaka 3, na ngozi ya kizazi chao ilikuwa inachukuliwa kipande na kuangaliwa ku mikroskopi. Matokeo yalichapwa 1996. Kwa wale wa estrojeni peke yake, 62 kati ya kila 100 walikuwa wamepata hiperplasia ya aina moja ama ingine. Kwa wale wa kinini isiyo na dawa, walikuwa karibu 2 kati ya 100. Na wale waliopewa projestojeni pamoja na estrojeni? Ngozi yao ilikuwa sawa na ya wale wasiokunywa dawa yoyote.

Kuna habari ingine njema ndani ya uchunguzi huo. Kati ya wanawake 36 wenye hiperplasia waliotibiwa kwa projestojeni, 34 ngozi yao ilirudi sawasawa. Ni kusema, ikigunduliwa mapema, dawa hiyohiyo iliyokatwa inaweza kurudisha ngozi mahali pake. Lakini ni lazima igunduliwe, na dokta ndiye anafuata.

Namna dawa hii inatolewa

Kuna njia mbili, na kila mama anayetumia homoni anapaswa kujua iko mu njia gani.

Njia ya kwanza ni ya zamu. Mama anachukua estrojeni kila siku, na projestojeni siku 12 mpaka 14 za kila mwezi. Akimaliza zile siku, ngozi inaanguka, anaona damu kidogo kama mwezi. Ni alama kwamba ngozi imejisafisha. Mayai hayajarudi, na hawezi kupata mimba kwa ajili ya ile damu. Njia hii inapewa zaidi wamama ambao mwezi umekatika si zamani.

Njia ya pili ni ya kila siku. Estrojeni na projestojeni zinaenda pamoja, bila kusimama, lakini projestojeni ni ya kipimo kidogo zaidi. Hapa ngozi haipati nafasi ya kujenga. Inabakia nyembamba, na damu mwishowe haionekani tena. Wamama waliopiga sindano ya kupanga uzazi ya miezi 3 wanaijua hali hii: ndani ya sindano ile kuna projestojeni peke yake, na kwa wengi mwezi unapotea. Damu haikukwama mahali fulani mu tumbo, kama watu wanavyosema. Ngozi ni nyembamba, haina cha kuangusha.

Kwa kipimo, mufano mumoja: projesteroni yenyewe, ile inayouzwa kwa jina Utrogestan, mara nyingi inaandikwa miligramu 200 kila usiku kwa njia ya zamu, na miligramu 100 kila usiku kwa njia ya kila siku. Inachukuliwa wakati wa kulala, juu inaleta usingizi na kizunguzungu kidogo. Mama anayefanya kazi usiku, mulinzi ama muuguzi, amwambie dokta ili wapange saa pamoja. Duphaston nayo iko mu jamaa hii. Hizi si namba za kujiandikia mutu mwenyewe. Ni za kukusaidia kusoma karatasi yako na kuuliza kama kitu hakieleweki.

Njia ingine ni kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kizazi, chenye kutoa projestojeni kidogo kidogo kwa miaka. Mirena ni jina lake moja. Hakihitaji kukumbuka kinini, na dawa inafika palepale inapotakiwa. Lakini si kila lupitalo inacho, na bei yake ya mara moja ni kubwa.

Angalia: pomadi za projesteroni zinazopakwa ku ngozi ya mwili hazijaonyesha kwamba zinalinda kizazi. Mama anayetumia estrojeni asizitegemee kwa kazi hiyo.

Nani haihitaji

Mama aliyetolewa kizazi kwa operesheni, kwa kawaida hahitaji projestojeni. Ngozi ya kulindwa haiko tena. Ndiyo maana jirani wawili wanaweza kuwa na estrojeni ileile, mumoja na dawa moja, mwingine na dawa mbili, na madokta wote wawili wamefanya sawa. Usichukue karatasi ya jirani kuwa mufano wako.

Mama anayetumia estrojeni kidogo sana ya kuweka ndani ya uke tu, kwa ukavu na maumivu, naye kwa kawaida hapewi projestojeni, juu kiasi kinachoingia mu damu ni kidogo. Lakini akiona damu, aende kuangaliwa kama wengine.

Tuseme ukweli wote: projestojeni inalinda kizazi, lakini si kitamu kwa kila kiungo. Mu Julai 2002, uchunguzi mukubwa wa Marekani juu ya wanawake 16 608 waliokuwa na kizazi ulisimamishwa mbele ya wakati wake. Wale waliokunywa estrojeni na projestojeni ya aina moja ya kutengenezwa walipata kansere ya titi zaidi kidogo: kwa mwaka, 38 kati ya 10 000, na kwa wale wasiopata dawa 30 kati ya 10 000. Ni wanawake 8 zaidi kwa kila 10 000. Kansere ya ngozi ya kizazi haikupanda kwao.

Hivi ndivyo madokta wanapima: kwa mwenye kizazi, faida ya projestojeni mbele ya estrojeni ni kubwa, kwa asiye na kizazi, hakuna sababu ya kubeba hatari ya bure. Na kwa mama aliyewahi kuwa na kansere ya titi, damu kuganda mu mishipa, ugonjwa mukali wa maini, ama damu inayotoka bila sababu kujulikana, dokta kwa kawaida hampi hizi homoni. Ndiyo maana haifai kuanza kwa shauri la rafiki ama la muuza dawa.

Damu nyuma ya menopozi

Hapa ndipo tunaomba kila mutu wa nyumba asome, mama, baba na watoto wakubwa.

Wengine wakiona damu imerudi kwa mama wa miaka 58 ama 60 wanacheka: « Ujana umerudi! » Wengine wanafikiri ni kulogwa, wanaenda kwa munganga wa kienyeji ama ku chumba cha maombi, miezi inapita. Ukweli ni huu: mama ambaye mwezi umekatika na hatumii homoni, damu yoyote inayotoka chini, hata mara moja, hata kidogo ku chupi, inataka kuonwa na dokta.

Mara nyingi sababu ni ndogo. Kati ya wanawake 10 wanaotoka damu nyuma ya menopozi, karibu 9 hawana kansere ya ngozi ya kizazi. Lakini mumoja iko nayo. Na wanawake wenye kansere hiyo, karibu 9 kati ya 10 waliona damu. Ni kansere inayopiga kengele mapema. Ikisikilizwa mapema, mara nyingi inatibika kwa kutoa kizazi. Tena damu inaweza kutoka ku shingo ya kizazi, na kansere ya shingo ya kizazi inawapata wanawake wengi mu inchi yetu. Dokta ataangalia pande zote mbili.

Kwa mama anayetumia homoni, sheria ni hizi. Mu njia ya zamu, damu inayokuja wakati zile siku za projestojeni zinaisha, kwa kiasi, ni ya kawaida. Damu nyingi kuliko kawaida, ama inayokuja siku zingine, si ya kawaida. Mu njia ya kila siku, matone mu miezi 3 mpaka 6 ya kwanza yanaweza kuwa mwili unajizoesha. Damu inayoendelea kupita miezi 6, ama inayorudi nyuma ya kukauka muda mrefu, inataka kuangaliwa.

Kuangalia si kitu cha kuogopa. Dokta anaanza na maswali, anaangalia shingo ya kizazi, kisha ekografi inapima unene wa ngozi ya ndani. Kwa mama asiyetumia homoni anayetoka damu, ngozi ya milimita 4 ama chini ya hapo inamaanisha kansere iko mbali sana. Ikiwa nene zaidi, ama damu ikirudi tena na tena, wanachukua kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka ku labo. Mama aseme ukweli kwa dokta: nilikata ile dawa ya pili tangu mwezi fulani. Neno hilo moja linabadilisha namna dokta anamwangalia. Hatagombezwa kama mutoto, atasaidiwa.

Kuna wamama wengine wa kuwa macho hata bila dawa: wale wenye mwili munene sana. Nyuma ya menopozi, mafuta ya mwili yanatengeneza estrojeni, na projesteroni haiko. Kizazi kinapata amri ya kujenga kidogo kidogo kila siku. Kunenepa ni heshima mu vijiji na miji yetu, tunajua, lakini kizazi hakihesabu heshima.

Kama pesa haitoshi

Tuongee sasa juu ya mufuko. Familia zingine ziko na lupitalo ya kampani ama karatasi ya kutibiwa kwa bwana. Zingine, za wachimbaji wa karieri, zinalipa kila kitu kwa mukono. Na wakati bwana anastaafu ama kazi inaisha, mara nyingi ni wakati uleule ambao bibi yake anaingia menopozi.

Kama pesa haitoshi kwa dawa mbili, usikate ya pili peke yake. Rudi kwa dokta, sema wazi: sitaweza kununua zote. Iko na njia nyingi za kukusaidia. Anaweza kushusha kipimo cha estrojeni, juu wengi wanapata nafuu kwa kipimo kidogo, na kubadilisha dawa ya pili kwa ile ya bei ndogo inayotosha kulinda. Anaweza kutoa shauri la dawa isiyo homoni kwa moto ya mwili. Anaweza kukuambia kuacha zote mbili kabisa.

Na kama dokta iko mbali, na pesa imeisha leo, basi kwa kizazi ni afazali kuacha zote mbili kuliko kubakia na estrojeni peke yake. Moto ya mwili itarudi, inasumbua, lakini haiui. Kizazi kisichopata estrojeni kinarudi kupumzika. Kisha panga siku ya kumwona dokta. Na mama aliyekwisha kukunywa estrojeni peke yake kwa miezi mingi asiridhike na kuacha tu; aende kupimwa, hata kama hasikii kitu.

Kwa wababa tunasema hivi: wakati mama anahesabu pesa ya dawa, asihesabu peke yake. Muulize dawa ni ngapi, sio bei ni ngapi tu. Ukimutuma mutoto ku farmasi, mupe karatasi yote, na usikubali kuletewa nusu yake kwa sababu « hii ingine si ya lazima ».

Maswali ya kupeleka kwa dokta

Kata sehemu hii ya gazeti, weka mu karatasi zako za lupitalo.

1. Katika dawa zangu, estrojeni ni ipi, na projestojeni ni ipi?
2. Niko mu njia ya zamu ama ya kila siku? Kama ni ya zamu, ni siku ngapi, na ninaanza tarehe gani?
3. Damu gani itakuwa ya kawaida kwangu, na damu gani inataka nirudi haraka?
4. Nikisahau kinini ya pili siku moja ama mbili, nifanye nini?
5. Nitarudi wakati gani ili tuone kama bado nahitaji dawa hizi?

Chukua kalenda ya ukuta, andika siku za kinini ya pili kwa kalamu ya rangi ingine. Kila siku umekunywa, piga alama. Siku ukiona damu, andika D. Ukienda kwa dokta, beba ile kalenda. Kwa dakika moja atasoma mambo ambayo wewe ungetafuta nusu saa kukumbuka.